Bao langu linaganda na sina wa kumuuliza

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nimemaliza skuli mwaka juzi na nimejifunza mwenyewe kutengeneza gemu kwa Godot, chombo cha bure cha kutengenezea gemu, natumia laptopu ya kaka yangu yenye RAM ya GB 4. Sasa natengeneza bao la kuchezwa kwenye simu. Tatizo langu sina mwenzangu hata mmoja wa kazi hii. Niliingia kundi moja la wageni mtandaoni nikauliza, siku mbili kimya, ya tatu mtu akaniambia nikasome kwanza. Nimevunjika moyo. Wapi wanakaa watu wa gemu wanaowasaidia wanaoanza, na nitafikaje huko bila ya pesa, kwa bando la vocha? Nimekupelekea lile swali nililouliza pamoja na kipande cha programu.

JIBU: Wa alaykumu ssalamu, kijana wangu. Barua yako imenifurahisha, na hasa hicho kipande cha programu, maana wengi huniuliza waanzie wapi na hata faili moja hawajafungua. Wewe umeshaanza. Umekwama tu, na kukwama ndiyo kazi yenyewe.

Mahali pa kwenda nitakutajia, lakini niruhusu nianze na lile swali ulilolipeleka kwa wageni. Uliandika kwa Kiingereza sentensi moja, ambayo kwa lugha yetu ni hii: "Gemu yangu ya bao inaganda, nisaidieni." Chini yake ukaweka picha ya skrini uliyoipiga kwa simu, imekaa upande, na kwenye kioo naiona mpaka taa ya chumbani kwako. Sasa jitie kwenye nafasi ya msomaji. Yuko Brazil au Poland, ametoka kazini, anapita kundini kidogo kabla ya kulala. Bao hajui ni kitu gani. Inaganda lini, ikifunguka tu au mchezaji akigusa shimo? Programu yenyewe haioni. Atajibu nini? Mtu akija barzani akasema "naumwa" kisha akanyamaza, ataambiwa pole, basi. Akisema jino la mwisho la chini linampwita tangu jana usiku, hapo kila mzee ana dawa yake.

Nimekaa na kipande chako kwa muda wa kikombe cha chai. Umeandika vizuri kuliko unavyodhani. Mashimo 16 ya kila upande umeyapanga kwenye safu moja, kete za mkononi zinapungua moja moja, na ukifika shimo la mwisho unarudi la kwanza. Kete ya mwisho ikishaanguka, programu inauliza kama shimo lile lina kitu, `mashimo[i] != 0`, na likiwa nacho mchezaji anazoa zote na kuendelea. Tazama mpangilio wake. Kete umeshaitia kwenye mstari wa juu, ndipo wa chini unauliza kama shimo ni tupu. Haliwezi kuwa tupu tena! Lina angalau hiyo kete uliyoitia sasa hivi. Kwa hiyo mkono haulali, yaani zamu haikwishi: unazoa na kumwaga, unazoa na kumwaga, mpaka feni ya laptopu ya kaka inapiga kelele. Weka `> 1`, yaani zaidi ya kete moja, badala ya `!= 0` na bao litalala pale linapotakiwa kulala.

Jambo ninalotaka ulione ni kwamba kosa hilo angeweza kulikamata mtu yeyote wa Brazil au Poland kwa dakika tano, bila ya kujua bao. Alichokikosa ni maelezo. Ungeliandika hivi, kwa Kiingereza chako hichohicho:

"Natengeneza kwa Godot 4 mchezo wa ubao wa mashimo, jamii ya mancala. Mchezaji huzoa mbegu za shimo moja na kuzigawa moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu, anazoa zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Kwangu zamu haikwishi na gemu inaganda mara ya kwanza tu mchezaji anapogusa shimo. Nimeiambia ichapishe idadi ya mbegu kila hatua, nikaona inazoa hata shimo lenye mbegu moja. Mistari yenyewe kumi ni hii hapa."

Neno mancala ndilo ufunguo, kwa sababu ndilo jina ambalo dunia inaijua kwalo jamii nzima ya michezo ya namna hii, na bao letu ni mmoja wao. Baada ya hapo umeeleza ulichotarajia, kilichotokea na ulichokwishajaribu, na mistari umeibandika kama maandishi ili mtu aweze kuinakili. Kiingereza cha skuli kinatosha. Wengi waliomo humo nao Kiingereza wamejifunza darasani, na wanasamehe sarufi kwa urahisi kuliko wanavyosamehe uvivu. Tena mara nyingi, ukishafika kwenye "nimeiambia ichapishe", kosa utaliona mwenyewe kabla hujatuma.

Mimi mwenyewe swali langu la kwanza, miaka hiyo nakaa Mwanakwerekwe na modemu ya kuchomeka, lilifungwa na wasimamizi kabla ya dakika kumi. Nilikuwa nimeuliza namna ya kutengeneza gemu ya mbio za magari. Yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa swali moja! Nilinuna wiki nzima. Kwa hiyo huyo aliyekuambia ukasome simtetei kwa ukali wake, lakini usimweke moyoni.

Na kusoma kwenyewe, anza na nyumba ya chombo unachokitumia. Godot ilianzia Argentina kwa mikono ya Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2014, na leseni yake ya MIT haimdai mtu chochote, uuze gemu moja au milioni. Si jambo dogo hilo. Septemba 2023 kampuni ya Unity, yenye chombo kingine cha kutengenezea gemu, ilitangaza ada mpya ya kuhesabiwa kila gemu inapowekwa kwenye kifaa cha mchezaji. Watengenezaji wakapiga kelele dunia nzima, wengi wakahama, wengi wao wakaja huko uliko wewe, na ada yenyewe ikafutwa Septemba 2024. Chombo chako hakuna wa kukubadilishia masharti usiku umelala. Mwongozo wake rasmi unapakulika mzima ukausoma bila ya intaneti, na kwa mtu wa bando la vocha hiyo ndiyo neema ya kwanza. Nenda siku moja mahali penye Wi-Fi, uupakue, uutie kwenye flashi. Kwa laptopu ya GB 4, unapofungua mradi mpya chagua mfumo wa kuchora uitwao Compatibility. Umetengenezwa kwa mashine dhaifu na simu za kawaida, na bao halihitaji zaidi ya huo.

Godot wana jukwaa lao rasmi la maswali na majibu, na wana seva ya Discord, yaani chumba cha mazungumzo ya papo kwa papo. Kwa hali yako mimi napendelea jukwaa. Discord ni kama gari la shamba lililojaa: watu ishirini wanazungumza pamoja, ukishuka kununua maji ukarudi, mazungumzo yameshafika kituo kingine. Jukwaani swali lako linakaa, linatafutika, na mtu anaweza kulijibu baada ya siku tatu ukalikuta. Pia maandishi hayali bando. Ukiingia Discord, kwanza nenda kwenye mipangilio uzime picha na video zinazojifungua zenyewe, la sivyo vocha ya wiki itakwisha siku moja.

Kabla hujauliza popote, tafuta. Ile sehemu ya Stack Exchange, tovuti ya maswali na majibu, inayohusu utengenezaji wa gemu ina maswali yaliyojibiwa tangu 2010, na mengi ya kanuni za mchezo, kama zamu, ramani na mahesabu ya hatua, hayategemei unatumia chombo gani. Reddit nako kuna kundi la Godot na kundi la jumla la watengeneza gemu. Huko nenda ukasome zaidi kuliko kuandika. Utajifunza mengi kwa waliofeli, maana Wazungu wana tabia moja nzuri: mtu gemu yake ikishindwa kuuzika, anakaa anaandika kurasa nne kueleza kwa nini.

Sasa nije kwenye picha na sauti, maana nimeona kwenye picha yako kwamba ubao umeuchukua mtandaoni. Uliutafuta, ukaupenda, ukauhifadhi. Ulikuwa wa mtu huo, kijana wangu. Gemu ikibaki kwenye laptopu ya kaka hakuna tatizo, lakini siku utakayoiweka hadharani mwenyewe anaweza kudai ishushwe, na atakuwa na haki. Vipo vya halali, tena bure. Kenney, mchoraji wa Uholanzi, ametoa makumi ya maelfu ya picha, alama na sauti kwa leseni ya CC0, maana yake chukua, badilisha, uza, hata jina lake si lazima ulitaje. OpenGameArt imekuwepo tangu 2009 na ina kazi za watu wengi, ila huko kila kitu kina leseni yake na lazima uisome. Ikiandikwa CC-BY, tumia lakini umtaje aliyetengeneza. Ikiwa na SA, ukiibadilisha picha hiyo nawe uitoe kwa masharti yaleyale. Ikiwa na NC, usiiguse kama una nia ya kuuza, hata kwa shilingi mia. Fungua faili moja ya maandishi ndani ya mradi, na kila unapopakua kitu andika hapohapo jina, mwenyewe, leseni na siku. Usiseme utaandika baadaye. Mimi nilisema hivyo, na ilinibidi nitupe sauti kumi na moja wiki ya kutoa gemu kwa kuwa sikumbuki nilizitoa wapi.

Kwa sauti nenda Freesound, hazina iliyoanzishwa 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona. Na hapa nina wazo nililotaka kukupa tangu nilipoanza kuandika. Watafute wazee wanaocheza bao hapo Wete, uwaombe ruhusa, ukae nao na simu yako wakati komwe, hizo kete zenyewe, zinaanguka kwenye mbao. Irekodi ile sauti ya kete moja ikitiwa, ya nyumba, lile shimo kuu la bao, ikizolewa nzima, ya mkono ukisita. Rekodi asubuhi kabla pikipiki hazijaanza, simu uiweke juu ya kanga iliyokunjwa ili isipokee mtikisiko wa meza. Nyingine tumia kwenye gemu yako, nyingine uziweke Freesound kwa CC0. Mtu wa Poland anaweza kununua maikrofoni ya dola elfu lakini komwe za Pemba hana. Ukishaweka, umeingia kwenye jamii hiyo kwa mlango wa mbele, umepiga hodi ukiwa na kitu mkononi. Watu wa kazi hii wanamkumbuka aliyewapa kitu kuliko aliyeuliza maswali mia.

Mlango mwingine ni mashindano ya muda mfupi, wenyewe huyaita jamu. Si ile ya kupaka mkate. Mada hutangazwa saa fulani, na kila mtu duniani anatengeneza gemu ndogo mpaka muda uishe. Ludum Dare ndiyo ya zamani, tangu 2002, na ya mtu peke yake ni saa 48. GMTK ilianza 2017, hufanyika kwenye itch.io, tovuti ya kuweka na kuuza gemu, na tangu 2024 wanatoa siku nne, jambo linalomfaa mtu ambaye umeme wake una mawazo yake mwenyewe. Zawadi hakuna, au ni jina tu. Faida iko baada ya muda kwisha: washiriki wanachezeana gemu na kuandikiana maoni. Ukicheza gemu ishirini za wenzako na kuandika maoni ya kweli, si "nzuri sana", kumi kati yao watakuja kwako. Na katika kumi hao wawili watabaki. Wawili wanatosha. Mimi rafiki yangu mkubwa wa kazi hii nilimpata hivyo, hatujawahi kuonana, na ndiye anayenisomea programu mpaka leo.

Usidhani jamu ni mchezo wa watoto. Kule Cape Town, kampuni ya Free Lives walitengeneza kigemu kwa ajili ya Ludum Dare mwaka 2012, wakakikuza huku wachezaji wakiwaambia kipi kizuri na kipi kibovu, na 2015 kikatoka rasmi kwa jina la Broforce, kikajulikana dunia nzima.

Kuna na jamu moja naipenda kwa ajili ya watu wa bando dogo, inaitwa js13kGames. Tangu 2012, kila mwaka kuanzia Agosti 13 hadi Septemba 13, unatakiwa utengeneze gemu ya brauza ambayo faili lake lililobanwa halizidi kilobaiti 13. Picha moja ya harusi unayopelekewa kwa WhatsApp ni kubwa kuliko hapo. Ila huko Godot haiingii, ni JavaScript, kwa hiyo iache kwa mwaka mwingine. Global Game Jam, iliyoanza 2009, hufanyika Januari, na watu hukutana ana kwa ana vituoni. Kituo chochote kinaweza kuandikishwa na wenyeji wenyewe. Sijui kwa nini Chake Chake isiwe nacho.

Nilikuwa nisahau shajara. Chagua mahali pamoja, uandike kila wiki ulichokifanya, kwa picha na maneno machache. Hapo zamani mahali penyewe palikuwa jukwaa la TIGSource. Mei 2009 Markus Persson aliionyesha gemu yake ya Minecraft hapo ikiwa changa kabisa, na Lucas Pope aliandika hapo hatua kwa hatua alivyokuwa akitengeneza Papers, Please, gemu ya ofisa wa mpakani anayekagua pasi, mpaka ilipotoka 2013. Zisome, zipo mpaka leo, na utafarijika kuona michoro yao ya mwanzo ilivyokuwa mibaya. Kwako wewe naona itch.io inatosha: ukurasa wa gemu yako una sehemu ya shajara ndani yake. Kufungua ukurasa ni bure, na siku utakapouza, mgao wa tovuti unauamua wewe mwenyewe, kawaida huwa asilimia 10. Weka na toleo la kuchezwa ndani ya brauza ili mtu asilazimike kupakua. Kwa hilo hakikisha Godot yako ni 4.3 au mpya zaidi, maana za 4 zilizotangulia zilikuwa zinasumbua kwenye brauza.

Jina la mradi liandike kwa Kiswahili, maelezo kwa lugha zote mbili. Usiite "African Mancala". Iite Bao.

Nimekutajia wageni wengi, na jirani nao wapo. Lagos kuna Maliyo Games, tangu 2012, wanaoendesha mafunzo ya GameUp Africa kwa vijana wa nchi mbalimbali za Afrika. Tafuta tangazo lao, uombe. Yaoundé kuna Kiro'o Games, walichangiwa na watu mtandaoni kupitia Kickstarter mwaka 2015, na 2016 wakatoa Aurion, gemu iliyojengwa juu ya mila na ngano za Kiafrika. Wasome walivyohangaika na umeme na pesa, utadhani wanazungumzia Wete.

Hapa kwetu usitafute kundi kubwa. Wapo vijana wa kompyuta pale SUZA Tunguu na Taasisi ya Karume Mbweni, na katika kila darasa yuko mmoja anayetengeneza gemu kwa siri kwa kuwa nyumbani wanamwona anacheza. Fungua kundi la WhatsApp la watu watano, wa Unguja na Pemba, kwa sharti moja: kila Ijumaa baada ya Asri kila mtu anaonyesha kitu kilichosogea, hata kitufe. Asiyeonyesha wiki nne anatoka bila ya ugomvi. Nimeona makundi ya watu mia mbili yamekufa kwa picha za kheri ya Ijumaa, na hili la watano niliwahi kuwa nalo likadumu miaka mitatu.

Na hao watu utawahitaji kweli, si kwa mazungumzo tu. Ukitaka kuweka bao lako Google Play, akaunti ni dola 25, unalipa mara moja. Lakini kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023, kuna sharti la kupata wajaribu kabla ya gemu kutoka hadharani. Mwanzo walitaka 20, Desemba 2024 wakashusha hadi 12, na lazima wabaki kwenye majaribio siku 14 mfululizo. Mtandaoni utakutana na makundi ya nijaribie nikujaribie. Achana nayo. Wanaifungua gemu mara moja, hawaichezi, na hutajifunza kitu. Wewe una barza! Wapate watu 12 wenye simu za Android hapo mtaani, wajomba, wazee wa bao, mwalimu wako wa skuli. Wasaidie wewe mwenyewe kuiweka kwenye simu, halafu kaa pembeni, mdomo ufunge. Usiwaonyeshe pa kugusa. Mzee akigusa shimo mara tatu na kete hazitoki, hilo ndilo kosa lako, liandike. Akikwambia "kijana, hapa nyumba haijasafiri bado, kwa nini umenilazimisha", umepata kitu ambacho jukwaa lote la Godot lisingekupa, kwa sababu kanuni za bao wanazo wao.

Steam, duka la gemu za kompyuta, iache kwanza. Ni dola 100 kwa kila gemu, na zinarudi tu ikishaingiza dola 1,000. Pesa hiyo kwa sasa ni bora uongezee RAM ya laptopu ya kaka, ukishamwomba ruhusa.

Mawili ya haraka ya kujihadhari. Mtu akikufuata kwa ujumbe wa faragha akisema ameipenda gemu yako, atakutangazia kwa dola 50, mpishe. Na mtu akikutumia faili la "gemu yangu, nijaribie" na humjui, usilifungue kwenye mashine yenye kazi yako. Akaunti nyingi za Discord zimeibwa hivyo. Mtoaji gemu wa kweli ndiye anayempa mtengenezaji pesa, haombi ada. Mkataba ukija, usitie saini kabla hajausoma mtu anayejua sheria.

Kazi yako iweke nje ya hiyo laptopu leo, siyo kesho. Jifunze Git, chombo cha kutunza kila toleo la kazi yako, mradi uupeleke kwenye tovuti ya GitHub, katika hifadhi ya faragha, na nakala moja kwenye flashi. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, tuna adabu ya kuhifadhi kabla ya Magharibi. Na bando la usiku ndilo la kupakua vitu vizito. Mazungumzo ya wataalamu ya GDC, mkutano wa watengeneza gemu, yapo YouTube bure, na ukiyaweka kwenye ubora wa chini kabisa unasikia kila kitu. Ni watu wazima wanaongea mbele ya slaidi, hukosi cha kuona.

Kwa hiyo wiki hii rekebisha ule mstari, fungua ukurasa itch.io hata bao likiwa nusu, unipelekee anwani yake nicheze na mjomba wangu wa Makunduchi ambaye hajawahi kushindwa kwa maneno yake mwenyewe. Na jambo moja dogo nililoliona kwenye picha yako: mashimo yote 32 umeyachora duara. Nyumba ni ya pembe nne, kijana wangu. Ibadilishe kabla wazee hawajaiona.